Geti la Bihogo

Mume wangu Theonest alimjengea ng'ombe wetu geti lenye taa mbili juu, vichwa viwili vya simba na mlango mdogo wa waenda kwa miguu. Uzio hakujenga. Alisema uzio utafuata.

Siongezi chumvi. Watu wa Bunju waliliona, na wengine wakapiga nalo picha. Nguzo mbili za tofali zilizovikwa marumaru, katikati yake chuma kilichopakwa rangi nyeusi na dhahabu, kulia hewa, kushoto hewa. Mbuzi wa mtaani walikuwa wanapita pembeni yake bila hata kugeuza shingo.

Nianze na sababu. Tulihamia huku Theonest alipostaafu. Alikuwa ofisa utumishi serikalini, mtu wa mafaili na vikao, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kiwanja tulikinunua zamani, wakati ndugu zetu wakitucheka kwamba tumenunua pori la fisi. Sasa pori limeisha, fisi wamehama, majirani wamejaa. Tuna nyumba, tuna migomba inayojikongoja kwa sababu udongo wa huku si wa Muleba, na tuna Bihogo.

Bihogo ni ng'ombe mwekundu, na kwetu Uhaya jina hilo ndiyo rangi yenyewe. Bibi yake nilipewa na marehemu baba nilipojifungua Stanley, mtoto wetu wa pekee, ambaye siku hizi yuko Dodoma na anatupigia simu Jumapili. Baba alisema mjukuu wake hatakunywa maziwa ya pakiti. Ng'ombe yule akazaa, mwanawe akasafirishwa kwa lori hadi Dar es Salaam, akamzaa Bihogo hapahapa. Baba hayupo tena, shamba lake waligawana kaka zangu, na kitu pekee kilichotoka mkononi mwake nikabaki nacho ni damu ya ng'ombe yule. Nampenda Bihogo, na sioni haya kusema hivyo mbele ya watu.

Ila ana tabia moja mbaya. Anapenda asmini.

Asmini ziko kwa jirani yetu Thuraya. Mumewe, Bwana Thuwaini, ana duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani, na biashara hiyo ameirithi kwa babu yake aliyekuwa akiuza misumari Kariakoo. Nusu ya milango ya Bunju inaning'inia kwenye bawaba za Bwana Thuwaini. Nyumba yake mwenyewe ina ukuta mzuri pande zote, umepigwa lipu na chokaa, na pale panapotakiwa lango pana bati lililoegeshwa na jiwe. Lango linakuja kutoka Maskati. Binamu yake Usama ameahidi kumletea, la mbao ngumu, lenye nakshi na njumu za shaba. Linakuja tangu tulipohamia.

Basi Bihogo akikata kamba anakwenda moja kwa moja kwenye lile bati, analisukuma kwa paji la uso kama mtu anayefungua pazia, anaingia kula. Mara ya kwanza Thuraya alicheka. Mara ya pili alimleta mwenyewe akiwa amemshika kamba, hakucheka. Mara ya tatu alikuja peke yake, akasimama mlangoni mwa jiko langu na kitawi kilichotafunwa mkononi.

"Mama Stanley, mie na wewe tumekaa vizuri miaka yote," alisema. "Lakini Salsabil anaolewa, na hizi asmini ndo za vikuba vyake. Mwanangu siku yake anukie nini, pumba?"

Nimekaa Pwani muda wa kutosha kujua kwamba bibi harusi bila vikuba, vile vishada vya asmini na rehani vya kumnukiza, ni aibu ya mama yake, si yake. Nilimpa maziwa, akayachukua, lakini hakukaa kunywa chai.

Kesho yake akaja mwenyekiti wa mtaa, Bwana Jamali, mtu mpole asiyependa kugombana na mpiga kura yeyote. Theonest alimkaribisha sebuleni kama mjumbe wa Umoja wa Mataifa.

"Mzee, mie sina ugomvi na ng'ombe," alisema Bwana Jamali. "Ila malalamiko yamefika ofisini. Mwezi ukiisha, ng'ombe awe ndani ya uzio, ama aondoke mtaani. Nikinyamaza nitaonekana nawapendelea."

"Aondoke aende wapi?" niliuliza.

Jibu nililijua, maana mwenye bucha mmoja kutoka Mbagala alishaanza kupita kwetu kusalimia, na kila akisalimia macho yake yalikuwa kwenye mapaja ya Bihogo. Na Bihogo alikuwa na mimba kubwa, tumbo limeshuka. Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa namwona baba ananiuliza ng'ombe yuko wapi.

Asubuhi nikamwambia Theonest nilichokiona kwetu tangu utoto. Nguzo za miti, mirunda, zichimbiwe, zipakwe oili chafu ili mchwa asiziguse, seng'enge mistari minne, na pembeni ipandwe minyaa ili siku mirunda ikioza minyaa imeshakuwa ukuta. Pa kuingilia, miti mitatu ya kulaza kwa mlalo, ukitaka kupita unaivuta pembeni. Kazi ya wiki moja.

Theonest akaitisha kikao.

Kikao kilikuwa cha watu wawili, mimi na yeye, mezani, na alikifungua. Akauliza kama kuna mjumbe ametoa udhuru. Nilipomwambia aende kwenye hoja, akasema hoja itafikiwa kwa utaratibu. Alipoifikia, ilikuwa hivi: sisi si watu wa kulaza miti mitatu kwenye lango. Stanley akileta wakwe, wataanza kuona nini? Wataanza kuona geti. Kwa hiyo tunaanza na geti.

"Ng'ombe hapiti getini, baba Stanley. Ng'ombe anapita pasipo na uzio."

"Hoja yako imepokelewa," akasema mume wangu.

Wahaya tunasemwa kwa majigambo. Mie huwa nawatetea Wahaya, lakini kuna siku Theonest ananiacha bila utetezi.

Alimtafuta fundi Gaspar, mchomeleaji wa njia ya Boko. Nilitegemea kwamba fundi akimwona ng'ombe atamtuliza mzee. Loo. Gaspar alikuwa anasubiri mteja wa namna hii tangu aanze ufundi.

"Mzee shikamoo. Mie nakupigia kitu, braza yeyote akipita hapa lazima apunguze mwendo," alisema Gaspar, akionyesha picha kwenye simu. "Hili nililifanya kwa mheshimiwa mmoja. Hili la simba. Juu unaweka taa za sola, usiku linawaka lenyewe."

"Ni la zizi," nikasema.

"Sawa mama, zizi la kisasa."

"Ng'ombe ataona hizo taa?"

"Ng'ombe nae ni kiumbe, mama."

Wakaongeza mlango mdogo, kwa ajili ya wageni wanaokuja kumsalimia ng'ombe bila gari. Wakaongeza tundu la kuchungulia. Gaspar akasema kesho, kesho ikapita, akasema kesho nyingine. Geti lilipokuja hatimaye na kusimikwa, fungu lote la uzio lilikuwa limeingia kwenye chuma na marumaru. Vile vichwa vya simba vilikuwa vinafanana na paka aliyemwagiwa maji. Theonest alisimama mbele yake kifua mbele, akasema, "Geti likishakuwepo, uzio ni suala dogo."

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipowajua majirani zangu. Watu walianza kupiga hodi.

Geti lile halikuwa na kitu pembeni. Ungeweza kupita kulia na kitanda kichwani. Lakini muuza vitumbua alifika, akasimama mbele ya chuma, akagonga, akaita, "Hodi hapa!" Alikuwa ananiona. Mimi nilikuwa namwona. Tulitazamana kupitia pale pembeni wakati anagonga. Ikabidi niende nimfungulie, kwa sababu kumwambia mtu apite pembeni ya geti ni kumwambia geti lako halina maana, na kupita pembeni bila kuambiwa ni utovu wa adabu. Wanajumuiya wa kanisani walipokuja kusali kwetu walipanga mstari kwenye mlango mdogo, na mama mmoja mnene mwenye gauni la mikunjo alikwama, wakamsukuma kwa upole, huku nafasi ya kupita lori iko upande wake wa kushoto. Hakuna aliyecheka. Walipotoka walijipanga tena.

"Unaona?" alisema Theonest. "Watu wastaarabu wanaheshimu mpaka."

Kiumbe pekee asiye na ustaarabu alikuwa Bihogo. Siku ya kwanza alilikaribia lile geti, akaona uso wake unang'aa kwenye marumaru, akakoroma, akarudi nyuma. Kisha akazunguka nguzo, akajisaidia kwa nafasi yake, na kuendelea na safari. Kuanzia hapo nilimfunga kwa kamba mbili na nikawa namwangalia mchana kutwa kama mtoto mwenye surua. Mwezi ulikuwa unaisha. Kila nilipomkumbusha Theonest juu ya uzio alisema hatuwezi kuendelea na awamu ya pili kabla ya kuzindua awamu ya kwanza.

Ndiyo. Uzinduzi.

Alitangaza kwenye kundi la wasapu la mtaa. Akaunda kamati, akajichagua mwenyekiti. Mgeni rasmi akawa Bwana Jamali, yuleyule aliyekuja kutufukuzia ng'ombe, na Bwana Jamali akakubali, kwa sababu hajawahi kuona utepe akaukataa. Viti vikakodiwa, turubai likafungwa, utepe mwekundu ukavutwa kutoka nguzo hadi nguzo. Wageni wote wakaketi upande wa nje wa geti, barabarani, juani, kwa vile ndani hapajafunguliwa. Majirani walikuja wote. Hata Bwana Thuwaini alikuja, kanzu imenyooka, na Thuraya akaja na Salsabil, kwa heshima, ingawa harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo na nyumba yao ilikuwa imejaa mchele.

Kazi yangu ilikuwa kumshika Bihogo, niliyekuwa naye upande wa ndani. Utepe ukikatwa, nimpitishe yeye kwanza, wageni wapige makofi. Shingoni alikuwa na ua la karatasi. Theonest alitoa hotuba. Alianzia na historia ya ufugaji, akapita kwenye changamoto za ukuaji wa miji. Bihogo alikuwa anahema, mimba imemchosha, na upepo ulikuwa unatoka kwa Thuraya ukiwa na harufu ya zile asmini zilizochanua zote kwa pamoja kama kwamba zimeambiwa kuna harusi.

Jua likapiga ile rangi ya dhahabu. Bihogo akarusha kichwa. Nilishika kamba kwa mikono miwili, lakini mie ni bibi wa miaka sitini na kitu na yeye ana nusu tani na tamaa. Kamba ikanichuna viganja. Akazunguka nguzo ya kushoto, akapita mbele ya wageni wote na ua lake la karatasi, akakata barabara kuelekea kwenye bati.

Watu walisimama. Na hapa sitapasahau mpaka naingia kaburini. Ndoo ya pumba, ambayo ndiyo pekee ingemrudisha ng'ombe yule, ilikuwa upande wa ndani, hatua chache tu nyuma ya geti, kila mtu anaiona. Vijana wakakimbilia kuifuata, wakafika kwenye utepe, wakasimama.

"Utepe bado," alisema mmoja.

"Mgeni rasmi akate basi," alisema mwingine.

Bwana Jamali akanyoosha mkono apewe mkasi. Mkasi haukuwepo. Theonest akapapasa mifuko ya suti, akauliza kamati, kamati ikatazamana. Bwana mmoja akajitolea kuukata kwa meno, Theonest akakataa, akasema hii ni hafla. Mkasi ulikutwa chini ya kiti cha mgeni rasmi. Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, nadhani kwa mazoea, kisha vijana wakaingia kwa mlango mdogo mmoja mmoja, wakachukua ndoo, wakatoka kwa mlango mdogo mmoja mmoja.

Mimi nilishazunguka zamani, peku, viganja vinatoka damu. Nilipofika, Bihogo alikuwa amesimama katikati ya bustani anatafuna taratibu, shina moja linaning'inia mdomoni. Hapakuwa na ua jeupe hata moja juu ya mti.

Thuraya alinifuata. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliinama akaokota ua moja chini, limekanyagwa, akalinusa. Bwana Jamali aliingia nyuma yetu na mkasi bado mkononi. Alikuwa ameaibika mbele ya mtaa mzima, na mpole akiaibika ni hatari kuliko mkali.

"Ijumaa nina mwaliko hapahapa, sitaki kuharibu shughuli ya watu," alisema. "Jumamosi asubuhi nakuja. Nikute uzio, au nisikute ng'ombe."

Akaondoka. Nilimkumbatia Bihogo shingoni nikalia, bibi mzima na gauni la sherehe. Nilisema, "Thuraya, nisamehe. Huyu ni wa baba yangu." Sikuwa na hoja nyingine.

Nilipofuta macho nikaona Thuraya haniangalii mimi wala ng'ombe. Alikuwa anaangalia nje, kupitia ile nafasi ya lango ambayo sasa bati lake lilikuwa limelala chini limepinda.

"Mama Stanley," alisema. "Lile geti lenu linang'oka?"

Nikamwangalia.

"Shangazi zake bwana harusi wanatoka Maskati. Wenyewe. Wameshatua. Ijumaa watashuka kwenye magari hapa, na mie nitawakaribisha kwa bati." Aliligusa bati kwa ncha ya kiatu. "Asmini nitaagiza Bagamoyo, ndugu zangu wapo. Lango siwezi kuagiza Bagamoyo. Niazime."

Kwenye harusi watu wanaazimana masufuria, majamvi, vikombe, hata bibi wa kupika pilau. Geti sikuwahi kusikia. Lakini alipotamka tu, niliona jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa umepita mbele yake kila siku bila kuliona: nyumba moja ina geti haina uzio, nyumba ya pili ina uzio haina geti, na katikati yake kuna ng'ombe.

"Na mie uniazime mirunda na seng'enge," nikasema.

"Stoo imejaa. Chukua."

Kazi ikabaki kwa waume. Bwana Thuwaini alisema si vizuri kuweka geti lingine wakati lango la Maskati liko njiani, Usama atajisikia vibaya.

"Liko njiani tangu Salsabil anaanza chekechea," Thuraya akamjibu. "Leo anaolewa. Kama linakuja kwa miguu, lipumzike."

Theonest alikuwa mgumu zaidi. Alisema geti ni mali isiyohamishika. Alisema uzinduzi wenyewe ulivurugika, kwa hiyo kisheria bado halijazinduliwa, na huwezi kuazimisha kitu ambacho hakijazinduliwa. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba kwa mila za Pwani bwana harusi hafunguliwi hivihivi, lazima azuiwe mlangoni, abembeleze, atoe kifungua mlango, na wanahitaji mtu mzima mwenye haiba wa kusimama getini na ufunguo.

Theonest akarekebisha tai, ingawa hakuwa amevaa tai.

"Na hotuba itakuwepo?"

"Fupi," nikasema.

Gaspar alikuja kung'oa geti lake mwenyewe na alikuwa na furaha kuliko siku alipolisimika, maana aliambiwa litaonwa na watu wa ng'ambo. Bwana Thuwaini alitaka jambo moja tu: simba watoke, nyumba yake haikai na sanamu. Gaspar akawakata kwa msumeno wa umeme, cheche zikaruka hadi barabarani, na Theonest akawachukua kwa mikono miwili akawaweka juu ya kabati la televisheni. Wako pale hadi leo, wanatazama taarifa ya habari.

Mirunda ilikuja kwa guta la mizigo, na Bwana Thuwaini mwenyewe akaja nyuma yake na nyundo. Ameuza misumari maisha yake yote, lakini ule wa kwanza aliupinda, wa pili pia, wa tatu akakipiga kidole. Nikamwomba awe anashika seng'enge iliyokazwa, hapo alisaidia. Tulichimba, tukapaka oili, tukashindilia, mimi nikiwa na vitambaa viganjani. Mume wangu alikuwa chini ya mgomba anaandika hotuba. Alhamisi jioni tulilaza ile miti mitatu. Bihogo aliikaribia, akainusa, akageuka akaenda kulala. Hakuna aliyepiga makofi, na mie sikuhitaji makofi.

Ijumaa ilifika. Magari yakafika na shangazi za Maskati, udi umetangulia mbele yao, wakakuta geti jeusi na dhahabu lenye taa, na mbele yake Theonest na suti yake ya kustaafia, ufunguo mkononi. Bwana harusi akapiga hodi.

"Hodi hiyo nimeipokea," alisema Theonest. "Kabla ya kufungua, niruhusu niseme machache kuhusu geti hili."

Alisema mengi. Shangazi mmoja aliuliza kama huyu ndiye kadhi. Bwana harusi alitoa kifungua mlango, Theonest akakipokea bila kukitazama na kuendelea. Ilibidi Thuraya na wanawake wa ndani wapige vigelegele vya kumfunika, vigelegele ambavyo wageni walidhani ni vya furaha. Hatimaye akafungua. Bawaba hazikulia hata kidogo. Nilimwona mume wangu akifuta jicho na kona ya leso, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze nilimwonea huruma kidogo. Salsabil alinukia asmini za Bagamoyo mpaka barabarani.

Bihogo alizaa alfajiri ya Jumamosi, ndama jike, mwekundu tupu. Bwana Jamali alifika asubuhi, bado ana pilau la jana usoni. Alisimama mbele ya miti mitatu, akapiga hodi, nikaivuta akapita. Alizunguka, akatikisa mirunda, akamtazama ndama akijaribu kusimama kwa miguu inayotetemeka.

"Uzio upo," alisema. "Sina neno. Ila lile geti mmelipeleka wapi?"

"Limeenda harusini," nikasema.

Halijarudi. Kitu ulichomwazima jirani hakidaiwi, unakaa unasubiri akikumbuke, na Bwana Thuwaini kila akimwona Theonest anasema, "Lango la Maskati likifika tu, jirani, nakurudishia siku hiyohiyo." Theonest huitikia vizuri. Kila jioni anachukua kopo la grisi, anavuka barabara, anasimama mbele ya geti lake mwenyewe, anapiga hodi. Wanamwuliza nani. Anasema ni mie, Theonest. Wanamfungulia, anapaka bawaba grisi, anakunywa kahawa, anarudi.

Miezi ikapita, asmini zikachipua tena. Jioni moja nilikuwa namkamua Bihogo, nikageuka, ndama hayupo. Nilikuwa nimeiweka miti kwa kipimo cha ng'ombe mkubwa, na yeye alikuwa amepita chini ya mti wa chini akiwa ameinamisha kichwa tu. Damu ya mama yake. Nilikimbia na moyo mdomoni, namwona Thuraya na kitawi mkononi, namwona Bwana Jamali, namwona yule mtu wa Mbagala.

Nilimkuta ndama amesimama mbele ya geti la Bwana Thuwaini. Lilikuwa limefungwa. Alikuwa ameegemeza pua kwenye chuma, ananusa asmini za upande wa pili, haelewi kwa nini haingii. Kando yake alisimama mume wangu na kopo la grisi, mgongo umenyooka, uso unang'aa kwa namna ambayo sijaiona tangu siku ya ndoa yetu.

"Umeona, mama Stanley?" alisema kwa sauti ya chini. "Nilikwambia tangu mwanzo. Hili ni geti la ng'ombe."

Nilimshika ndama sikio, nikamrudisha nyumbani, nikaenda kutafuta mti wa nne.